Betri Mbili

Tumetoka hospitali ya Tromsø saa nane mchana,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Gari limelala nje siku tatu
na betri imesinyaa kama uso wa mtu aliyenyimwa salamu:
asilimia arobaini na moja.
Nyumbani ni kilomita tisini na sita.
Eilert anapiga hesabu kwa sauti,
kana kwamba namba zikisikika zitaona haya, ziongezeke.

Kando ya usukani kuna kitufe chenye hali nne:
Kubana. Kawaida. Kasi. Theluji.
Miaka sita tumekigombania kimyakimya.
Akiingia yeye, Kasi.
Nikiingia mimi, Kubana,
na kiti nakivuta mbele, na redio naizima.
Hatukuwahi kuulizana. Kila mmoja
alikuwa akimwachia mwenzake barua ya neno moja.

Leo naendesha mimi. Amekatazwa usukani wiki mbili.
Kifuani, chini ya mfupa wa bega la kushoto,
wamemshonea kidude kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti,
nacho kina betri yake: miaka kumi, walisema,
au kumi na miwili, inategemea.
"Inategemea nini?"
Daktari alitazama karatasi kwanza.
"Moyo wako utakavyoihitaji."

Nabonyeza Kubana.
Papo hapo pumzi ya joto inafifia miguuni,
kanyagio linakuwa zito, lenye mashaka,
kama karani anayeuliza hela hizi ni za nini.
Lori la samaki linatupita, linatumwagia unga wa theluji.
Kisha basi la shule.
Kisha, Mungu wangu, Gudveig wa posta
na kile kigari chake cha dizeli kinachokohoa.
Eilert anajifanya amelala.

Lakini vidole vyake ni vyeupe. Nimeviona.
Kubana ni nini, ikiwa ninayembana ni yeye?
Nabonyeza Kawaida. Joto linarudi,
na asilimia zinadondoka: ishirini na tisa,
ishirini na saba.
Kulia kwetu Balsfjord imeganda ukingoni,
katikati bado nyeusi, bado inatembea.

Mkono wake unatambaa kuelekea kitufe
kama paka anayejua kabisa samaki ni wa wageni.
Naupiga kofi. Kisha naushika,
nauweka pajani pangu, nauacha hapo.

Kwenye kilele cha mlima wa mwisho
barabara inainama, kilomita saba.
Naachia kanyagio. Gari linaguna, linajizuia lenyewe,
na kila linapojizuia linaula mteremko:
kumi na nne,
kumi na tano.
Eilert anatazama namba inavyopanda,
anaweka kiganja kifuani,
labda anauliza kama naye ana mteremko mahali fulani.
Simjibu. Hajauliza.

Bondeni barabara imenyooka, imemwagwa changarawe,
hakuna taa mbele wala nyuma.
Nabonyeza Kasi.
Sijui kwa nini. Najua.
Viti vinatumeza, vijiti vya kandokando vinakuwa ukuta,
na mume wangu, bingwa wa miaka sita,
ananing'inia kwenye mpini wa mlango kwa mikono miwili:
"Polepole, we mwanamke! Tutafika na nini?"

Tulifika na asilimia tano.
Nilichomeka waya ukutani kabla ya kushusha begi.
Taa ya kijani ikaanza kupumua, ikiwaka, ikififia.
Yeye alikuwa bado amekaa, mkanda haujafunguliwa,
akicheka, akikohoa, akicheka tena,
na nilipozunguka kumfungulia mlango
nilimwona akijinyoosha upande wangu,
kwa taabu, huku ameshika mshono,
akibonyeza kitufe mara moja.

Sikuangalia.
Nitaisoma kesho.